Sahani Iliyowekwa Kiti Namba Moja

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Kazini anaitwa Mama Funguo.
Umri: miaka 47
Kazi: mkuu wa wahudumu, chumba cha kulia, mgahawa wa nyumba ya mlimani
Makazi: nyumba za wafanyakazi, chini ya barabara ya maporomoko
Uhusiano na mtuhumiwa: wifi
Yameandikwa: Jumapili, tarehe 15, kuanzia saa nane mchana

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa kwamba nikidanganya nitashtakiwa, na nimeelewa. Nimemwomba afande aandike kama ninavyosema, asinirembeshee, nami sitamrembeshea.

Nianze na lile ambalo najua mmeshaambiwa. Mwanamke mliyemweka mahabusu ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Simpendi. Kaka yangu alipofariki, miaka minne iliyopita, mimi nilikuwa njiani. Nilipiga simu nikaomba wasizike, wanisubiri hadi asubuhi tu. Wifi hakunisubiri. Nilifika nikakuta udongo mbichi na watu wanakunja maturubai. Tangu siku hiyo sijampa salamu wala sijapokea yake, na kama asingekuja kuomba kazi pale pale ninapofanya mimi ningeshasahau sura yake. Naomba hilo likae mwanzoni kabisa, asije mtu kesho akasema nimemtetea kwa ajili ya undugu.

Nina miaka kumi na moja katika chumba kile cha kulia. Ni nyumba ya zamani ya mawe, imekaa ukingoni mwa mlima, na dirisha lake kubwa linatazama bonde, maporomoko ya maji na ziwa kule chini. Watu wanapanda barabara mbovu waje kula kipande cha bata ambacho paka angekimeza bila kutafuna, na rojo iliyochorwa pembeni kama alama ya mkato. Hawaji kushiba, wanakuja kutazama. Mwenye mgahawa analijua hilo. Neno "mandhari" halimtoki mdomoni, hadi sisi wafanyakazi tunamwita Mandhari. Alikuwa hajui kwamba tunamwita hivyo. Sasa limeandikwa, atajua.

Afande ameniambia nieleze tukio, lakini sitaeleweka nisipoeleza kwanza jinsi tunavyofanya kazi. Pale kwetu ni marufuku kumuuliza mgeni mezani chakula kipi ni chake. Mhudumu hawezi kusimama na sahani akasema, "Samaki ni wa nani?" Mandhari anasema huko ni kunadi chakula, na kwake si mnadani. Kwa hiyo kila kiti kina namba. Tunahesabu kuanzia kiti kilicho karibu na moto, tunazunguka kwa mwendo wa saa. Sahani inatoka jikoni ina namba yake, imefunikwa kwa kifuniko cha bati linalong'aa, na mhudumu haoni kilichomo ndani. Anabeba namba, anaweka namba. Halafu wote tunanyanyua vifuniko kwa pamoja, wageni wanasema "aaah", na Mandhari anafurahi.

Mgeni akihama kiti, aliyemhamisha lazima aende jikoni kutaja namba mpya kabla sahani hazijatoka. Lazima. Mpishi mkuu ndiye anayebadilisha namba, si mhudumu. Utaratibu huo aliuweka Mandhari mwenyewe, na nimemwona akimfukuza kijana wa watu kazi kwa kuusahau.

Jambo la mwisho ni ishara. Mandhari hasemi na wahudumu mbele ya wageni, anasema kwa mkono. Akigusa sikio, ina maana punguza sauti. Akigusa kifungo cha koti, ina maana mambo yako sawa, endelea. Hatuna ruhusa ya kumjibu kwa mdomo.

Mnamo Jumamosi, tarehe 14, tulipokea meza ya watu wanne, meza ya dirishani. Walikuwa Mzee mmoja mwenye fimbo, mke wake, mtoto wao wa kiume na mke wa huyo mtoto. Walipiga simu mapema kusema kwamba mke wa mtoto ana mzio mkali wa karanga. Bata wa siku ile alikuwa na rojo ya karanga. Mpishi akakubali kutoa sahani moja bila rojo. Wageni walipofika saa sita na nusu niliwakalisha mwenyewe. Mzee alikaa kiti namba moja, anatazama dirisha. Mkwe wake alikaa namba nne, mbele ya Mzee, dirisha likiwa mgongoni mwake. Nilikwenda jikoni nikasema, "Asiyekula karanga ni nne." Mpishi akarudia kwa sauti, na wifi yangu, aliyepangiwa meza hiyo na mwenzake, akarudia pia.

Sitaficha kitu. Yule mgeni wa namba nne alikuwa na mdomo. Wifi yangu alipompelekea maji, mgeni aliinusa glasi, akairudisha, akasema, "Inanuka mikono yako." Alisema kwa sauti ya watu kusikia. Mume wake alicheka. Wifi yangu akachukua glasi, akasema samahani, akaja hadi dirisha la kutolea chakula, akasema, "Huyu leo atanikumbuka." Alisema hivyo. Nilisikia kwa masikio yangu, na najua Mandhari alisikia, kwa sababu alikuwa hapo anaonja rojo kwa kidole. Afande ameniuliza alimaanisha nini. Nimejibu kwamba wamuulize mwenyewe. Mimi najua tu kwamba nimemsikia akiiambia maneno hayo hayo sufuria iliyoungua.

Ukungu ulikuwa umefunika bonde lote. Mandhari alikuwa akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, kwa sababu wageni wamelipia maporomoko na wanaangalia pamba. Saa saba hivi ukungu ukafunguka ghafla. Mwenzake wifi yangu alikuwepo chumbani na ataeleza kwa kinywa chake. Mimi wakati huo nilikuwa chini kwenye ghala la mvinyo, kwa hiyo sehemu hii nimeambiwa na yeye na baadaye na Mzee mwenyewe. Mandhari alikimbilia meza ya dirishani. Akamwambia yule mwanamke, "Mama, unayapa mgongo mandhari ya namna hii? Haiwezekani!" Akamgeukia Mzee: "Mzee wangu, wewe umeshayaona. Mpishe mkwe." Mzee alinuna, lakini akainuka. Mandhari akavuta viti kwa mikono yake. Mkwe akakaa namba moja, Mzee akaenda namba nne.

Kisha Mandhari hakwenda jikoni. Alibaki pale dirishani, mikono mgongoni, anawaonyesha ziwa.

Nilipanda ngazi na chupa mbili, nikafika mlangoni wakati sahani zinaingia. Kuanzia hapa ni macho yangu. Wifi yangu alikuwa na sahani mbili, namba moja mkono wa kushoto na namba nne mkono wa kulia. Mwenzake alikuwa na namba mbili na tatu. Wifi yangu alifika kichwani mwa meza, upande wa moto, akaona watu wamebadilishana. Akasimama. Kwetu mhudumu hasimami na sahani mezani, hilo ni kosa, na yeye anajua ni kosa. Alisimama hata hivyo. Aliinua uso akamtazama Mandhari. Nilimwona vizuri, nilikuwa nimemwelekea. Yalikuwa macho ya mtu anayeuliza.

Mandhari akagusa kifungo cha koti.

Kwa utaratibu wetu, ishara hiyo ina maana moja. Ina maana kwamba jikoni wanajua, namba zimebadilishwa, weka. Wifi yangu akaweka. Sahani zilikuwa zimefunikwa, na hakuna binadamu ambaye angejua kwa kutazama bati ni sahani ipi ina karanga na ipi haina.

Afande ameniuliza kwa nini mtuhumiwa hakunitazama mimi, ambaye ndiye mkuu wake, na nilikuwa mlangoni. Swali zuri. Mhudumu akikwama humtazama mkuu wake. Wenzake wote hunitazama mimi. Yeye hanitazami, kwa sababu mimi nilimfundisha kwamba akinitazama atakutana na ukuta. Ningemjibu nini siku ile, sijui. Andika hivyo hivyo, sijui.

Nilimwona Mzee ameketi mahali nisipomweka. Nilijua kuna kitu kimekwenda kombo, lakini akili ilikuwa bado iko kwenye ngazi. Vifuniko vikanyanyuliwa. Mandhari akaanza kueleza habari za bata, alikokulia na alivyolishwa, utadhani anasoma wasifu wa marehemu. Wageni wakaanza kula. Mzee akaigeuza nyama yake kwa uma, akasema, "Mbona yangu kavu? Ya kwenu ina mchuzi."

Nadhani watu watatu tulielewa kwa wakati mmoja. Wa kwanza kutoa sauti alikuwa wifi yangu. Alipiga kelele, "Karanga! Mama, tema! Tema!" Katika miaka kumi na moja sijawahi kusikia mtu akipiga kelele chumba kile. Yule mwanamke alikuwa ameshameza. Alishika shingo. Midomo ikaanza kuvimba mbele ya macho yetu, na akawa anavuta pumzi kama mtu anayevuta maji kwa mrija uliopasuka.

Mume wake alikuwa akirudia, "Sindano, sindano yake ya mzio iko kwenye gari," lakini hakuinuka, alibaki amemshika mkono. Sikumlaumu, wengine hofu huwafunga miguu. Wifi yangu alimlaza mgonjwa sakafuni, akamlegezea ukosi, akachukua ufunguo wa gari mezani, akavua viatu na kukimbia. Maegesho yako chini, mbali, na njia ni ya kokoto kali. Alikwenda miguu mitupu na kurudi miguu mitupu. Nimeiona damu kwenye zulia, na kama hamniamini, zulia lipo na nyayo zake zipo.

Naomba liandikwe pia alichofanya Mandhari wakati huo. Alifunga milango ya chumba cha pili ili wageni wengine wasione. Aliwaambia, "Ni mafua tu, amepaliwa." Alimwambia mhudumu mwingine aondoe sahani haraka. Mimi nikaikalia ile sahani ya namba moja. Sina neno jingine la kueleza, niliichukua nikaiweka kwenye kiti, nikaifunika kwa kitambaa na kukaa juu ya kiti hicho hadi askari wenu walipofika. Ndiyo hiyo mliyonayo kwenye mfuko.

Wifi yangu alirudi na sindano kupitia mlango wa mbele, ule wa wageni, kwa sababu ndio ulio karibu. Mandhari alikuwa amesimama mlangoni. Mwanamke yuko chini anakata roho, dawa ndiyo hiyo imefika, na neno lililomtoka bwana yule lilikuwa, "Mlango wa wafanyakazi uko nyuma." Wifi yangu alimsukuma kwa bega akapita. Hilo la kumsukuma kama ni kosa, nalo mwandikieni. Mume alichoma sindano. Gari la wagonjwa lilifika baadaye. Leo asubuhi nimeambiwa mgonjwa amefungua macho lakini bado hawezi kusema.

Afande ameniuliza kama nilizungumza na mtu yeyote kuhusu maelezo haya kabla ya kuja. Ndiyo. Jana saa kumi na moja jioni, mlipokwisha kumchukua wifi yangu, Mandhari aliniita ofisini kwake. Akaniambia nifunge mlango. Akanimiminia chai kwa mkono wake, jambo ambalo halijatokea tangu niajiriwe. Akasema, "Mama Funguo, wewe ndiye mtu pekee watakayemwamini. Kila mtu anajua hamsalimiani."

Nikamuuliza ana maana gani.

Akasema, "Amesema mwenyewe kwamba mgeni atamkumbuka. Wote tumesikia. Wewe sema tu ulimwona pale dirisha la kutolea chakula akibadilisha sahani. Basi. Utakuwa umemaliza naye, na mimi nitakuwa nimeokoa nyumba. Na nafasi ya umeneja iko wazi, unajua."

Nilimtazama. Alikuwa anatabasamu kama mtu anayempa mwenzake zawadi ya sikukuu. Afande, niliudhika kuliko nilivyoudhika makaburini. Chuki yangu na wifi yangu ni yangu. Nimeilea mwenyewe miaka minne, najua ilikotoka na najua jina la aliyelala chini yake. Bwana huyu aliiona akadhani ni mwiko wa jikoni, kitu cha kuazima akorogee mambo yake kisha akirudishe kabatini. Mimi nikitaka kumuumiza wifi yangu nitamuumiza kwa kosa lake, na kosa lake ni moja tu, na halimo katika meza ile.

Nilimwambia, "Nitasema nilichoona." Yeye akaelewa alivyotaka. Akanishika bega, akaniambia nina busara. Leo amenileta hapa kwa gari lake mwenyewe, kiti cha mbele, na njia nzima ameniwekea muziki. Yuko hapo nje, ameegesha kivulini. Afande akichungulia dirishani atamwona.

Nimeulizwa kama nina ushahidi wa ishara ile. Nilikuwa mlangoni, mwenzake alikuwa mezani, Mzee alikuwa amekaa namba nne, Mandhari amesimama ubavuni mwake. Mzee aliniambia hospitalini jana, nilipompelekea fimbo yake aliyoisahau, kwamba alishangaa kuona msichana amesimama na bwana anajishika kifungo. Alidhani kimelegea. Muulizeni kila mmoja peke yake, bila kuwaambia mimi nimesema nini.

Nimeulizwa kama naogopa kupoteza kazi. Naogopa. Nyumba ninayolala ni ya mgahawa. Nikitoka hapa sina uhakika kama vitu vyangu nitavikuta ndani au barabarani. Lakini sikuja hapa kuulizwa ninalala wapi.

Nimeulizwa mara ya mwisho kama nina kinyongo na mtuhumiwa. Ninacho, kikubwa, na hakijapungua hata kidogo kwa haya niliyosema. Hakumpa yule mwanamke karanga kwa makusudi. Aliuliza kwa njia pekee aliyoruhusiwa kuulizia, akajibiwa aweke, na baadaye akakimbia juu ya mawe kumwokoa mtu aliyemwambia ananuka mikono. Mimi nisingekimbia hivyo. Ningekwenda, ila ningevaa viatu.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa yote, nimesahihisha palipoandikwa "dada yangu" pakawa "wifi yangu", na naweka saini yangu kwa hiari.

Saini ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA MPELELEZI

Nathibitisha kwamba shahidi ametoa maelezo haya mbele yangu bila kulazimishwa. Saa kumi kasoro robo nilitoka nje nikamwita mwenye mgahawa aingie kwa mahojiano. Aliuliza kama itachukua muda mrefu. Nilimwambia azime gari.

Shahidi alipokuwa akiondoka aliuliza dhamana ya mtuhumiwa inahitaji nini. Nilimweleza kwamba tangu jana hakuna ndugu aliyejitokeza, na kwamba anahitajika mkazi mmoja mwenye kitambulisho, atakayemleta kituoni kila Jumatatu hadi upelelezi ukamilike. Nilimkumbusha kwamba yeye ni shahidi na nikamuuliza mkuu wa kituo, ambaye hakuwa na pingamizi. Shahidi aliweka kitambulisho mezani na kusaini fomu. Mtuhumiwa aliletwa, miguu ikiwa imefungwa bandeji.

Kabla ya kutoka mlangoni, mdhamini aliniuliza kama sheria inamlazimu kuzungumza na mtuhumiwa. Nilimjibu kwamba haimlazimu. Akamshika mkono ili ashuke ngazi.